Uso wa Kuazima: Anthony Quinn na Sayyidna Hamza r.a.

Msomaji mpenzi, leo jioni baada ya sala ya Isha muulize mwanao swali moja tu: Sayyidna Hamza alikuwa na sura gani? Ikiwa amepata kuiona ile sinema ya Risala, yamkini hatasita kukujibu. Atakwambia alikuwa mtu mpana wa kifua, mwenye ndevu, pua kubwa na macho makali, amekaa juu ya farasi akitoka kuwinda. Atamsifu barabara, kama mtu aliyemwona kwa macho yake. Walakini huyo anayemsifu siye Hamza bin Abdil-Muttalib, ami yake Mtume s.a.w. Huyo ni Anthony Quinn, mcheza sinema wa Marekani, aliyezaliwa Meksiko mwaka 1915 katika nyumba ya Wakatoliki, akafa Boston mwaka 2001, na ambaye maisha yake yote alikuwa pia mchora picha na mchonga sanamu.

Jambo hili si dogo. Picha ikishaingia katika moyo wa mtoto haitoki upesi, na mara nyingi hutangulia mbele ya kila neno utakalomwambia baadaye. Kwa hivyo yatupasa tumjue mtu huyu ni nani, ameifanyaje kazi yake, na nini tumchukulie na nini tumwachie. Hatutoi fatwa hapa juu ya sinema wala juu ya uchoraji. Hiyo ni kazi ya masheikh, na wao wenyewe wana kauli zaidi ya moja. Sisi twatazama kazi ya mtu kwa jicho la insafu, kwani Muislamu ameamrishwa uadilifu hata kwa yule asiyekuwa wa dini yake.

Basi tuanze na mtu mwenyewe. Anthony Quinn alizaliwa katika mji wa Chihuahua wakati nchi ya Meksiko imo katika moto wa mapinduzi. Mama yake alikuwa Mmeksiko. Baba yake alikuwa na asili ya Ayalandi. Walivuka mpaka wakiwa mafukara, wakakaa El Paso, kisha wakahamia Los Angeles, na huko baba akafa mtoto angali mdogo. Kijana akalelewa na mama na bibi, akafanya kazi za kila namna ili nyumba ipate kula. Lakini tangu utotoni mkono wake ulikuwa wa kuchora. Alipokuwa kijana alitaka kuwa mjenzi wa majumba, akakutana na Frank Lloyd Wright, mmoja wa wasanifu mashuhuri kabisa wa Marekani. Wright akaona kwamba kijana huyu ana kitata, akamshauri apasuliwe ule ukano ulioufunga ulimi wake. Akapasuliwa. Kisha, ili ajifunze kusema vizuri, akaingia shule ya maigizo. Na kutoka hapo ndipo sinema ilipomchukua.

Angalia, msomaji, kadari ya Mwenyezi Mungu inavyokwenda. Mtu alitaka kujenga nyumba, akaenda kutibiwa ulimi, akaishia kuwa uso unaojulikana dunia nzima.

Na uso huo ulitumikaje? Hapa pana jambo ambalo wenye kusifu sinema aghlabu hawalisemi. Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 haikuwa na nafasi nyingi kwa mtu asiyekuwa mweupe kama wao walivyotaka. Quinn alitiwa katika kila ngozi isiyokuwa ya Kizungu. Mwaka 1936 alicheza Mhindi Mwekundu. Mwaka 1945 alicheza Mfilipino katika filamu moja na Mchina katika nyingine. Baadaye, mwaka 1962, akawa shekhe wa Kibedui, Auda abu Tayi, katika Lawrence of Arabia. Mwaka 1964 akawa Zorba, mzee wa Kigiriki anayecheza ngoma ufukweni, na hata leo wako watu wanaoapa kwamba alikuwa Mgiriki. Katika kisiwa cha Rhodes iko ghuba inayoitwa kwa jina lake.

Tuzo hazikumkosa. Alipata Oscar mara mbili: kwanza kwa filamu ya Viva Zapata! ya mwaka 1952, akawa mtu wa kwanza mzaliwa wa Meksiko kupata tuzo hiyo kwa uigizaji. Na ya pili kwa Lust for Life ya mwaka 1956. Katika hii ya pili alicheza mchoraji wa Kifaransa, Paul Gauguin, rafiki na mgomvi wa Van Gogh. Basi mchoraji akacheza mchoraji, na wenye kuijua kazi hii husema kwamba hapo hakuhitaji kujifanya sana.

Lakini tumtazame huyo Gauguin alikuwa nani. Alikuwa mtu mwenye mke na watoto watano, akaacha kazi yake na hatimaye akawaacha wote, akaenda Tahiti mwaka 1891 kutafuta rangi na jua. Picha zake leo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Wazungu wengi humtaja kwa heshima, kana kwamba kuwaacha watoto ni kodi ambayo fundi hana budi kuilipa. Nasi twauliza: ni nani aliyeilipa kodi hiyo? Aliilipa yeye, au waliilipa wanawe?

Na Quinn mwenyewe hakuwa mbali na njia hiyo. Hatupendi kusengenya maiti, na lau yangekuwa maneno ya watu wa mitaani tungeyafumbia macho. Lakini yeye mwenyewe ameyaandika, katika kitabu cha mwaka 1972 na tena katika kingine cha mwaka 1995. Alioa mara tatu, akapata watoto zaidi ya kumi, wengine ndani ya ndoa na wengine nje yake. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alikufa maji mwaka 1941, na umri wake haujatimia miaka mitatu. Huo ni msiba ambao mzazi yeyote atamhurumia kwao.

Katika kile kitabu cha kwanza pana jambo la ajabu kidogo. Quinn ameeleza kwamba alipokuwa keshapata mali na sifa, alikwenda kwa mganga wa maradhi ya nafsi, kwa kuwa alikuwa akiandamwa na kijana mdogo; na kijana huyo alikuwa ni yeye mwenyewe wa utotoni. Mtoto huyo hakuridhika na chochote. Kila alichopata mkubwa, tuzo, nyumba au wanawake, mdogo alikikataa. Sisi hatuhitaji mganga wa nafsi kutufasiria haya. Nafsi ya binadamu ina kiu ambayo makofi ya watu hayaizimi. Wanavyuoni wetu waliandika juu ya hali hii karne nyingi kabla ya sinema kuzuliwa, na wakaonyesha na dawa yake pia.

Nadhani hapo ndipo tunapoweza kufahamu kwa nini mtu huyu hakuacha kuchora na kuchonga. Katika sinema uso wake ulikuwa wa watu wengine: mwandishi humpa maneno, mwongozaji humwambia simama hapa, geuka pale, na mshonaji humvika kilemba au kofia. Mbele ya turubai alikuwa peke yake. Alichora kwa rangi kali, akapenda nyuso na maumbo yaliyovunjwavunjwa kwa mtindo uliotokana na Picasso. Alichonga mbao na mawe, akasubu shaba. Mwaka 1982 alifanya maonyesho makubwa Hawaii, na kazi zake zikanunuliwa. Je, zilikuwa kazi za fundi mkubwa? Insafu inatulazimisha kusema kwamba ndani yake mna nguvu na mna bidii, lakini mara nyingi jicho linaona alama za mabwana aliowapenda kabla ya kumwona yeye. Mtu aliyeishi miaka hamsini kwa kuvaa nyuso za wengine alipata taabu kuipata sura yake hata pale alipokuwa huru kuichora.

Sasa tuje kwenye Risala. Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Halab, Sham, aliyekulia kazi yake Marekani, alitaka kuwafikishia watu wa Magharibi kisa cha mwanzo wa Uislamu. Akaipiga sinema hiyo mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwa wachezaji mbalimbali. Katika ile ya Kiarabu, Hamza alichezwa na Abdallah Ghaith wa Misri. Katika ile ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1976, akachezwa na Quinn. Sababu ya kumchukua Quinn haina siri: Mzungu haendi kununua tikiti kwa jina asilolijua. Kazi ilianzia Moroko, ikasimamishwa huko kwa malalamiko yaliyotoka nje, ikamalizikia Libya. Waliokuwa wakiipinga walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo watu wa elimu. Mambo yalikuja kugeuka: mwaka 2018 filamu hiyo hiyo, ile ya Kiarabu, ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya Saudia.

Kwa upande wa ufundi, jambo bora kabisa katika Risala ni lile lisiloonekana. Mtume s.a.w. haonyeshwi sura yake, wala kivuli chake, wala sauti yake haisikiki. Watu humwelekea mtazamaji na kusema naye, na mtazamaji hufahamu kwamba aliyeambiwa yupo, lakini jicho halina pa kumgusa. Wazungu wengine waliandika kwamba huu ni upungufu, eti kisa hakina mtu katikati yake. Sisi twaona kinyume chake. Katika zama ambazo kila kitu hutiwa katika picha, ile nafasi iliyoachwa wazi inamfundisha mtoto adabu kuliko hotuba ndefu: kwamba wako ambao daraja yao haichezewi.

Lakini kwa kuwa katikati ni pweke, jicho lililo na njaa hushika aliye karibu. Na aliye karibu ni Hamza wa Quinn. Hapa ndipo khatari ilipo, na hapa ndipo ustadi wa mcheza sinema huyu unapokuwa mtihani kwetu. Anaingia juu ya farasi, anampiga Abu Jahl, anasimama kama mnara, na watazamaji hufurahi. Ameicheza kwa heshima. Hakuna aliyeweza kusema kwamba alifanya mzaha. Walakini Hamza wake ni shujaa wa nje tu: mkono, upanga, farasi. Mabadiliko ya ndani, ya mtu wa Makka mwenye fahari aliyempiga Abu Jahl kwanza kwa hamaki ya ujamaa, kisha moyo wake ukatulia katika imani, hayo sinema imeyapita mbio. Sira inatueleza mlango huo. Picha imetuonyesha kizingiti tu. Ndipo tunaposema kwamba mtoto aliyeiona Risala peke yake amemjua Simba wa Mwenyezi Mungu kwa upande wa simba, na bado hajamjua kwa upande wa uja.

Tena usisahau kwamba mwaka uliofuata, 1977, mtu huyo huyo alivaa joho la Kayafa, kuhani mkuu wa Mayahudi, katika filamu juu ya Nabii Isa a.s. kama Wakristo wanavyomsimulia. Mwaka 1968 alikuwa amekwisha kuvaa joho la Papa wa Roma. Hatusemi haya kumkejeli; kazi yake ndiyo hiyo. Twasema ili ijulikane kwamba joho la mcheza sinema huvuliwa jioni na kutundikwa msumarini, ama imani ya Hamza ilikwenda naye mpaka Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, na huko akauawa shahidi kwa mkuki wa Wahshi.

Kukosa kupambanua baina ya mtu na picha kuliwahi kuleta msiba wa kweli. Mwezi wa Machi 1977, mjini Washington, kikundi kidogo cha watu wenye silaha kiliteka majengo matatu, mojawapo likiwa ni kituo cha Kiislamu, na kushika mateka wapatao 150. Kiongozi wao alikuwa na jeraha kubwa moyoni, kwani jamaa zake, na watoto wachanga miongoni mwao, walikuwa wameuliwa mwaka 1973. Lakini katika madai yake alitaka pia filamu hii izuiwe. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Quinn amemwigiza Mtume s.a.w. mwenyewe, jambo ambalo halikuwamo kabisa. Kijana mmoja mwandishi wa khabari aliuawa, na mambo hayakutulia mpaka mabalozi watatu wa nchi za Kiislamu, wa Misri, Pakistan na Iran, walipokwenda wakakaa na mtu huyo na kumsomea Kurani. Tazama, msomaji mpenzi: waliozima moto ni wale waliofungua Msahafu, na uvumi uliochangia kuuwasha ulikuwa wa kitu kisichokuwapo. Ametuamrisha Mwenyezi Mungu kupeleleza khabari kabla ya kuitenda kazi. Na amri hii inaihusu sinema kama inavyoihusu barua na simu.

Akkad na Quinn walikutana tena katika filamu ya Omar Mukhtar, iliyotoka mwaka 1981. Fedha zilitoka Libya, na wengine huidharau kwa sababu hiyo. Italia waliizuia mwaka 1982 kwa kuwa inalivunjia heshima jeshi lao, na haikuonyeshwa huko katika televisheni ila mwaka 2009. Lakini kisa chake ni cha kweli: mwalimu wa Kurani wa Barqa aliyepigana na wakoloni wa Kitaliani miaka ishirini, akakamatwa na umri wake umepita sabini, akanyongwa mbele ya watu wake pale Suluq, tarehe 16 Septemba 1931.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo kazi bora ya Quinn katika zote zinazotuhusu sisi, na inaipita kwa mbali ile ya Hamza. Sababu ni kwamba hapa amejizuia. Yule mtu wa kucheka kwa sauti na kurusha mikono, ambaye dunia ilimpenda katika Zorba, hayumo. Yumo mzee mwenye miwani, anayefundisha watoto wadogo juu ya mizani iliyotajwa katika Surat ar-Rahman. Vita vikimfika anavipigana kwa mizani hiyo hiyo. Adui huua mateka, na wafuasi wake wanataka kulipiza vivyo hivyo. Yeye anawakataza, kwa hoja kwamba adui hakufanywa mwalimu wao. Afisa kijana wa Kitaliani anaachiwa huru arudi kwa wenzake. Mchoraji mzuri hujua wapi aiache karatasi nyeupe, na naona katika filamu hii Quinn amecheza kama mchoraji: ameacha uso wake mtupu ili maneno na vitendo vya yule shekhe vipate mahali pa kukaa.

Hata mwisho wake umefuata adabu hiyo. Mzee anaponyongwa, miwani yake inaanguka, na kijana mdogo anaiokota. Ile miwani inatuambia tusiendelee kumkodolea macho aliyekufa, bali tukiokote alichokuwa akisomea.

Akkad naye alimalizika kwa msiba. Mwezi wa Novemba 2005 alikuwa Amman, Jordan, na bintiye, walipopigwa na mabomu yaliyotegwa katika mahoteli na watu waliodai wanaupigania Uislamu. Binti alikufa, na baba akamfuata kwa majeraha yake. Mtu aliyetumia umri wake kuwaonyesha Wazungu kwamba dini hii ina mizani aliuawa na walioitupa hiyo mizani.

Basi tufanye nini majumbani mwetu? Zamani kanda hizi zilikuwa zikiazimwa nyumba kwa nyumba, na watu wazima wakikaa pamoja na watoto kuzitazama. Leo zimo katika simu za vijana, na kila mmoja hutazama peke yake chumbani. Kumwambia mtoto asitazame, na simu iko mkononi mwake, ni kufunga mlango na dirisha likawa wazi. Kinachotakikana ni kumtangulia. Msomeshe sira kabla hajaiona picha, ili picha imkute ana kitu cha kuipimia. Msimulie Hamza kwa ulimi wako, kama mabibi zetu walivyokuwa wakisimulia katika mwezi wa Mfunguo Sita, bila ya kumpa pua wala macho. Kisha, akiiona filamu, mwambie kwa upole: huu ni uso wa kuazima, mwenyewe ni mtu wa Meksiko, fundi wa kazi yake, nasi twamshukuru kwa heshima aliyoiweka, lakini Hamza wa kweli sura yake anaijua Aliyemuumba, na sisi tumeachiwa vitendo vyake.

Na wewe kijana uliyejaaliwa kipawa cha kuchora au kuigiza, usilisome hili kuwa ni kukutukana. Kipawa ni amana. Wako katika mwambao wetu waliochonga milango ambayo ulimwengu huja kuitazama, na walioandika khati za Kurani juu ya kuta za misikiti, wala hawakuwaacha watoto wao na njaa ili watu wawaite mabingwa. Maisha ya Anthony Quinn yanakuonyesha mambo mawili kwa pamoja: jinsi bidii inavyoweza kumtoa mtoto fukara wa mpakani akafika mbali, na jinsi mtu anavyoweza kufika huko mbali akakuta yule mtoto bado anamngojea, anamwuliza khabari za nyumbani.

Uso waweza kuazimwa. Hamza aliazimwa wa Quinn, na Quinn aliazimwa wa mataifa yote. Lakini siku ya hisabu hakuna atakayekuja kwa uso wa mwenziwe, wala kwa amali za mwenziwe. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kupambanua, atulindie watoto wetu, na atufufue pamoja na wale tunaowapenda bila ya kupata kuwaona. Amin.